Kujifunza Kupiga Kengele za Kanisa Uingereza: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Kama unaishi Uingereza, hasa nje ya miji mikubwa, umeshazisikia. Jumapili asubuhi, au jioni moja ya katikati ya wiki, kengele za kanisa zinaanza kulia kwa zamu, kutoka ile ya sauti nyembamba kabisa hadi ile nzito. Baada ya muda mpangilio unaanza kugeuka, unageuka tena, na unaendelea hivyo kwa dakika arobaini. Wengi wetu hudhani ni mashine au rekodi. Sivyo. Kila kengele ina mtu wake huko chini, ameshika kamba, na watu hao ni majirani zako: mwalimu mstaafu, muuguzi, fundi bomba, mwanafunzi wa sekondari. Hukutana kila wiki, hufundisha wageni kwa moyo, na bendi nyingi, ndivyo vikundi vya wapigaji vinavyoitwa, zina upungufu wa watu.

Mimi nilikulia chini ya Mlima Kilimanjaro. Kanisani kwetu kulikuwa na kengele moja tu, na mtaa wa jirani walitumia ringi la gari lililoning'inizwa kwenye tawi la mti. Sisi watoto tulijua kwa mapigo tu kama ni ibada au ni msiba. Nilipohamia Norfolk niliishi miaka sita nikisikiliza mnara wa kijiji bila kujua kwamba ningeweza kupanda na kuomba kamba. Siku niliyopanda nilikuwa na miaka arobaini na moja, sijui kusoma noti hata moja ya muziki. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani mtu anieleze kwa Kiswahili siku ile.

Kwanza elewa kinachotokea juu ya dari

Katika nchi nyingi kengele huning'inia mdomo ukiwa chini na kuyumba. Kengele ya Kiingereza imefungwa pamoja na gurudumu kubwa la mbao, na kabla ya kupigwa huinuliwa pole pole mpaka isimame kichwa chini, mdomo ukitazama mbinguni. Ukiivuta kidogo tu, inaanguka kutoka pale juu, inazunguka karibu duara zima, inapanda upande wa pili na kusimama tena mdomo juu. Katika mzunguko huo ulimi hugonga mara moja. Ukivuta tena inarudi njia ileile, inagonga mara moja nyingine.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Kengele ikifika kule juu, kuna nukta ndogo ambapo imesawazika na haina uzito mkononi mwako. Ukiiachia ikae pale kidogo, inachelewa. Ukiivuta kabla haijafika, inawahi. Ndiyo maana mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuimudu kengele ya kilo 300, na bibi wa miaka sabini akaimudu ya kilo 700. Kengele nzito kuliko zote zinazopigwa kwa namna hii iko kwenye Kanisa Kuu la Kianglikana la Liverpool, ina zaidi ya tani nne. Mtu mwenye misuli anayeingia mnarani akitaka kushindana na chuma huchukua muda mrefu kujifunza kuliko mwenzake mwembamba anayejua kusubiri.

Kamba yenyewe ina sehemu mbili za kukumbuka. Kuna sali, ile sehemu nene ya sufu yenye mistari ya rangi, kwa kawaida nyekundu, nyeupe na buluu. Na kuna mkia, yaani mwisho wa kamba uliokunjwa na kufungwa ili ukae vizuri kiganjani. Ukivuta sali huo ni mvuto wa kwanza. Kengele ikizunguka, sali inaruka juu na wewe unabaki na mkia. Unavuta mkia, huo ni mvuto wa pili, na sali inakurudia. Sali, mkia, sali, mkia. Nitaviita mvuto wa sali na mvuto wa mkia.

Kule juu, kwenye boriti ya kengele, kuna kipande cha mti kinachoitwa stei. Kazi yake ni kuiwezesha kengele kupumzika ikiwa kichwa chini bila kupitiliza. Kimetengenezwa kwa makusudi kivunjike kabla ya kitu kingine chochote, ukivuta kwa nguvu kupita kiasi. Mimi nilivunja kimoja wiki yangu ya tano. Nitarudi kwenye hilo.

Kutafuta mnara

Uingereza ina zaidi ya minara 5,000 yenye kengele zinazopigwa kwa duara zima, kwa hiyo huenda wa karibu uko mwendo wa miguu. Njia rahisi kuliko zote ni masikio: jua ni jioni gani kengele za mtaa wako hulia kwa saa moja au moja na nusu, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya mazoezi. Angalia ubao wa matangazo mlangoni mwa kanisa. Ukitaka kutafuta mtandaoni kuna orodha ya minara inayoitwa Dove's Guide. Inaonyesha kila mnara una kengele ngapi, za uzito gani, na mara nyingi siku ya mazoezi. Chombo kinachounganisha vyama vya wapigaji ni Central Council of Church Bell Ringers, kilichoanzishwa 1891, na kupitia tovuti yake unaweza kuomba kuunganishwa na mwalimu.

Ukiweza kuchagua, usichague mnara wenye kengele nyingi. Chagua ule wenye mwalimu mtulivu na kengele za uzito wa wastani. Sita zinatosha kabisa.

Andika ujumbe mfupi kwa kapteni wa mnara, ndivyo anavyoitwa kiongozi wa bendi, umwambie hujawahi kushika kamba na ungependa kuja kutazama. Usiogope lafudhi yako. Maneno yanayotumika mnarani ni machache, na kila mgeni huyajifunza upya, awe amezaliwa London au Tanga.

Huwa naulizwa sana maswali mawili. La pesa: mafunzo kwa kawaida ni bure, na baadaye utalipa ada ndogo ya mwaka kwa chama cha eneo. La dini: bendi nyingi hazikuulizi. Wapo wapigaji wacha Mungu wanaoshuka mnarani na kuingia moja kwa moja ibadani, na wapo wasio na dini wanaorudi nyumbani. Ila kengele ni za kanisa na zinaita watu kusali, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku ya kazi yenyewe. Kama unajua hutaki kabisa kupiga kabla ya ibada, sema mapema, kwa heshima.

Kwa watoto, minara mingi huanza kuwapokea wakiwa na miaka kumi au kumi na moja, wanapokuwa na urefu wa kutosha. Kanisa lina taratibu zake za ulinzi wa watoto. Nenda na mwanao, ukae pale. Wazazi wengi walioenda kusindikiza wameishia kushika kamba wenyewe.

Jioni ya kwanza

Vaa nguo inayokuruhusu kunyoosha mikono juu ya kichwa bila kufunua tumbo. Mtandio, skafu, mkufu mrefu, kamba za jaketi: vyote vifungwe ndani au vivuliwe, maana kamba ya kengele hunasa kitu chochote kinachoning'inia. Viatu viwe vya soli bapa. Ngazi za minara mingi ni za mawe, nyembamba, zinazopinda kama konokono, na mahali pa kushikia ni kamba ukutani. Panda taratibu.

Ukifika juu utakuta chumba chenye kamba zimening'inia kwa duara, na ukutani mbao zilizoandikwa majina na tarehe za zamani. Zisome. Nyingi ni kumbukumbu za vipigo virefu, yaani kupiga kwa saa kadhaa mfululizo, na nyingine ni orodha ya wapigaji wa mnara huo waliokufa vitani. Vita ya Kwanza ya Dunia peke yake ilichukua zaidi ya wapigaji 1,400. Katika Vita ya Pili kengele zote za nchi zilinyamazishwa kuanzia Juni 1940, zikitengwa kwa ajili ya kutangaza uvamizi tu, na mwezi Novemba 1942 ziliruhusiwa kulia kwa ushindi wa vita vya El Alamein huko Misri. Ukijua hayo, chumba kile hakibaki chumba cha kamba tu.

Sheria ya kwanza, ambayo utaambiwa kabla ya salamu kuisha: usiguse kamba yoyote bila kuruhusiwa. Kengele inaweza kuwa imesimama mdomo juu, na mguso mdogo ukaiangusha. Sheria ya pili: kaa kwenye kiti, nyayo zikiwa sakafuni, usikunje nne, maana mguu ulionyoshwa ni mahali pa kamba kunasa. Sheria ya tatu: usipande kwenye chumba cha kengele zikiwa zimeinuliwa.

Kujifunza kuimudu kengele

Hii ndiyo sehemu ndefu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wengi huhitaji saa 10 hadi 15 za kufundishwa, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Ulimi wa kengele hufungwa ili majirani wasiteseke. Minara mingine ina kitambuzi kinachotuma mlio kwenye kompyuta, ukajisikia wewe peke yako chumbani.

Simama miguu ikiwa imeachana kiasi cha mabega, tazama mbele, usitazame dari. Kila anayeanza hutazama dari. Kamba itarudi mbele ya uso wako, haina pengine pa kwenda.

Mwalimu huanza kukupa mvuto wa mkia, yeye akishughulika na sali. Kama unatumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto unashika mwisho kabisa wa mkia na wa kulia unakaa juu yake. Kengele inapopanda, kamba inainua mikono yako mpaka inyooke juu ya kichwa. Iache inyooke kabisa. Hapo juu utahisi kamba inatulia, kama pumzi iliyoshikiliwa. Ndiyo ile nukta ya usawa. Ndipo unavuta, moja kwa moja chini mbele ya mwili, mpaka mikono ifike mapajani. Usikunje viwiko katikati ya njia, na usivute kuelekea kifuani. Kamba iliyovutwa kwa mshazari hucheza kama nyoka, na sali itakurudia mahali usipoitarajia.

Ukishazoea, mnabadilishana: wewe sali, mwalimu mkia. Mikono yote miwili inashika sali karibu na usawa wa uso. Vuta chini, na ifikapo kiunoni iachie. Kuachia ndiko kugumu. Mwili wetu umezoea kamba ya kisima, ambako kuachia ni kupoteza ndoo. Hapa ni kinyume: usipoachia, kengele ya nusu tani inaondoka na mikono yako. Na sali inaporudi, usiidake ikiwa inashuka. Iache ishuke, ianze kupanda, ndipo uishike.

Kisha vyote viwili kwa pamoja, mkia ukiwa umebanwa katika mkono wa kushoto wakati wote, hata unaposhika sali. Mkia ukikuponyoka, usiurukie. Rudi nyuma hatua mbili, mwalimu ataudaka.

Sasa nieleze stei yangu. Nilivuta sali kwa nguvu kama niliyekuwa ninavuta ng'ombe, kengele ikapanda kwa kasi, ikagonga stei, nikasikia mlio wa mti kupasuka. Kengele isiyo na stei haisimami. Inaendelea kuzunguka na kujikunjia kamba yote kwenye gurudumu. Mwalimu alipiga kelele niachie, nikaachia, nikasogea ukutani, na kamba ikapaa mpaka darini. Hakuna aliyeumia. Wiki iliyofuata tulifunga stei mpya pamoja, na nilijifunza siku hiyo vitu vya juu ya dari zaidi ya ambavyo ningejifunza kwa kusimuliwa. Kumbuka basi kanuni ambayo haina ubaguzi: nyayo zako zikianza kuondoka sakafuni, au ukisikia mti umepasuka, achia na usogee mbali. Kengele itatulia yenyewe.

Somo la mwisho la hatua hii ni kuinua na kushusha. Kengele ikiwa mdomo chini, unaivuta ikiyumba kidogo, kisha zaidi, ukiongeza kamba mkononi kidogo kidogo mpaka isimame juu. Kushusha ni kinyume chake, ukikusanya kamba kwa mizunguko kiganjani. Usikate tamaa hapa. Hata waliozoea hukunja kamba ovyo siku nyingine.

Kupiga na wenzako

Ukiweza kuisimamisha kengele kila unapotaka, unaingia kwenye raundi. Raundi ni kengele zote kwa mpangilio, kutoka nyembamba zaidi, inayoitwa trebo, hadi nzito zaidi, inayoitwa tenori. Yule wa trebo anasema "Look to!", nawe unashika sali yako na kuinyoosha. Anatangaza kwamba anaondoka, anavuta, na kila mmoja anafuata kwa zamu. Mwishoni utasikia "Stand!", nawe unaisimamisha kengele yako kwenye mvuto wa sali unaofuata.

Mtu yeyote aliyewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kwenye kinu kimoja ameshaelewa raundi. Kila mchi unashuka kwa zamu, nafasi kati yao ni sawa, na hakuna anayehesabu kwa sauti. Ukiwahi, unagonga mchi wa mwenzako. Ukichelewa, mdundo unachechemea na kila mtu uani anasikia. Mwili ndio unaojua. Nilipoacha kujaribu kuhesabu kamba sita kwa macho na kuanza kusikiliza kama ninayetwanga, raundi zilinyooka katika jioni moja.

Tofauti moja utaisikia: Waingereza wengi huacha nafasi ndogo ya kimya, kiasi cha pigo moja, baada ya kila mistari miwili (mstari mmoja ni kengele zote kulia mara moja moja). Mvuto wa sali, mvuto wa mkia, pumzi. Ukiikosa pumzi hiyo utakuwa unawahi kila mara bila kujua kwa nini.

Pia kumbuka kuchelewa kwa ulimi. Unavuta sasa, mlio unatoka baadaye kidogo, na kengele nzito huchelewa zaidi kuliko nyepesi. Mwenye tenori huvuta mapema kuliko macho yake yanavyomwambia.

Jioni za kwanza kapteni atakuweka kwenye kengele ya pili au ya tatu, katikati ya watu wenye mkono thabiti. Baadaye ataanza kuita mabadiliko: anataja kengele mbili zilizo jirani, nazo zinabadilishana nafasi. Jifunze kumjua unayemfuata. Hilo tu.

Mpangilio unaogeuka

Kwa nini nyimbo hazipigwi? Kwa sababu kengele inayozunguka duara zima haiwezi kuharakishwa sana wala kucheleweshwa sana. Inaweza kusogea nafasi moja mbele, nafasi moja nyuma, au kubaki. Kutokana na kizuizi hicho, Waingereza wa karne ya 17 walitengeneza sanaa ya hesabu, na jina linalotajwa zaidi ni la Fabian Stedman, aliyekuwa mchapishaji wa vitabu. Lengo ni kupitia mipangilio mingi kadiri iwezekanavyo bila kurudia hata mmoja.

Anza na kengele nne, kwenye karatasi, namba 1 ikiwa trebo na 4 tenori:

1 2 3 4
2 1 4 3
2 4 1 3
4 2 3 1
4 3 2 1
3 4 1 2
3 1 4 2
1 3 2 4
1 2 3 4

Chukua kalamu ya rangi, ufuatishe namba 1 kutoka juu hadi chini. Inatoka mbele kwenda nyuma nafasi moja moja, inapiga mara mbili nyuma, inarudi. Sasa fuatisha namba 3. Njia ni ileile, imeanzia mahali pengine. Zoezi hili linaitwa Plain Hunt, na ndilo mlango wa yote yanayofuata. Kwenda nyuma unapiga polepole kidogo, kurudi mbele unapiga upesi kidogo, ukikaa mwendo ni wa kawaida. Usikariri namba za kengele. Kariri nafasi yako: mbele, pili, tatu, nyuma, nyuma, tatu, pili, mbele, mbele. Weka vikombe vinne mezani na kijiko, pigeni na watoto jikoni, kila mtu na kikombe chake. Hiyo ni njia bora kuliko programu yoyote niliyojaribu.

Baada ya Plain Hunt huja mifumo yenye majina, Plain Bob na Grandsire kwa kawaida ndiyo ya kwanza. Hapo jicho la kamba litaanza kukua, uwezo wa kuona kwa kutupa macho ni kamba gani inashuka kabla ya yako. Haliharakishwi. Mimi lilinichukua karibu mwaka.

Kengele nne zina mipangilio 24, tano zina 120, sita 720, saba 5,040. Tarehe 2 Mei 1715, katika kanisa la St Peter Mancroft huko Norwich, bendi ilipiga 5,040 yote ya kengele saba. Kipigo kamili cha namna hiyo huchukua kama saa tatu, watu wakiwa wamesimama, bila kuandika wala kusoma popote. Kengele nane zina 40,320. Hizo zimepigwa zote mara moja tu na bendi moja isiyobadilishana watu, Loughborough mwaka 1963, kwa karibu saa 18. Wewe lenga robo ya kipigo: mabadiliko 1,250 hivi, dakika arobaini na tano.

Ukishakuwa mmoja wao

Kuna harusi, ambazo wapigaji hupewa posho kidogo. Kuna Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ambapo kipande cha ngozi hufungwa upande mmoja wa ulimi: mstari mmoja unalia wazi, unaofuata unalia kama mwangwi kutoka mbali. Kuna safari za Jumamosi, minara mitano kwa siku na chakula cha mchana katikati. Baada ya mazoezi wengi huenda baa. Agiza soda ukipenda, hakuna atakayekushangaa. Na ukisafiri, karibu kila mnara utakupokea kwa usiku mmoja wa mazoezi kama mgeni. Minara ya namna hii iko pia Afrika Kusini, Zimbabwe, na pwani yetu, Kilifi.

Jumapili yako ya kwanza fika dakika kumi mapema. Panda, vua mtandio au jaketi, mwambie kapteni ungependa kengele ile uliyofanyia mazoezi, na usiombe nyingine. Mtapiga raundi, labda mabadiliko machache ya kuitwa, kama nusu saa hivi. Dakika tano kabla ya ibada utasikia "Stand!". Simamisha kengele yako, funga mkia kwa fundo waliokuonyesha, uning'inize kamba mahali pake, na uwapishe wazee washuke ngazi kwanza.